Nimenunua folda ya "gemu za YouTube" mjini kwa 20,000, hizi ndo habari zake

Asalaam aleikum. Wiki mbili zilizopita nilikwenda mjini kumtafutia mtoto wa dada'angu gemu za kompyuta, skuli zimefunga na nilimuahidi akishika nafasi nzuri ntamnunulia, kashika ya nne, ahadi deni. Nikaingia duka moja maeneo ya Darajani, jina silitaji maana maduka ya namna hii yako mengi na biashara yao ni moja, wanakutilia filamu, tamthilia na gemu kwenye flashi au eksteno yako unaondoka nazo. Kijana wa pale akaniuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia 11, hakuuliza la pili, "sheikh wangu chukua hii folda ya gemu za YouTube, watoto wote wanataka hizi, ziko 14, nipe elfu 20 tu." Nikampa.

Nimejaribu kuzifungua zote 14, nyengine peke yangu nyengine na mtoto mwenyewe, na naandika kwa sababu najua kuna wazazi na majamaa wengi hapa Unguja wanaonunua folda hii hii na hawajui ndani mna nini.

Huduma kwanza, nisiwadhulumu. Kijana ana adabu, alinipa kiti na feni, flashi yangu ya GB 64 nilivyoipima nyumbani haikuwa na virusi, na alinifundisha vizuri namna ya kuziseti. Kukopi kulichukua saa nzima lakini hilo si kosa lake, mafaili makubwa. Mbili katika 14 hazikufunguka kabisa, moja inataka kompyuta yenye nguvu ambayo sina na moja folda yake tupu.

Sasa gemu zenyewe. Tisa katika hizo ni kitu kimoja. Unaanza umesimama chumba cha giza, tochi mkononi, hujui umefikaje. Mlango wa kijani unataka kadi ya kijani, kadi ya kijani iko chumba chenye mlango wa bluu, kadi ya bluu iko juu ya meza mbele yako hapo hapo. Ukishafungua unapita korido refu taa zinawaka na kuzima, halafu linatokea dude kubwa la rangi kali lina meno mengi, linakukimbiza, unakimbia moja kwa moja hakuna hata kona, likikukamata uso wake unajaa skrini nzima na ukelele mpaka spika zinakoroma. Unarudi nyuma unakimbia tena. Ukimaliza yanatoka maandishi kwamba sura ya kwanza imekwisha, subiri ya pili. Moja niliipima kwa saa, dakika 22. Nyengine ya supamaketi ya usiku nimeimaliza dakika 17, na humo dakika 4 nilikwama kwenye rafu ya maziwa, mguu wa jamaa umeingia ndani ya rafu hautoki, nikaizima nikaanza upya.

Kwenye gemu ya tatu nikaliona kabati. Kabati la bati la kijivu, mlango wa kulia umebonyea, na chini yake kuna mchirizi wa kutu una umbo kama ufunguo. Nikasema hili mbona nalijua. Nikarudi gemu ya kwanza, lipo. Nikaenda kwenye supamaketi, lipo nyuma ya kaunta. Kwenye ile ya hospitali liko chumba cha maiti. Gemu nne, kabati moja, kutu ile ile. Na korido la hospitali ndo korido la skuli wamebadilisha rangi ya ukuta.

Kwa asiyejua, watengenezaji wa gemu wana maduka yao mtandaoni, la Unity, programu ya kutengenezea gemu, limeanza 2010, mle unanunua kabati, mlango, msitu mzima, mpaka zimwi ambalo tayari linajua kutembea na kupiga ukelele. Kununua hivyo mie sioni ubaya, hata mama zetu mwezi wa Ramadhani wananunua manda tayari na hakuna anaewalaumu, maana kazi ya sambusa iko kwenye nyama, kitunguu na bizari. Hizi tisa ni manda tupu zimekunjwa zikakaangwa, ukiuma unakuta hewa.

Lakini hata hilo silo lililonitia uchungu nikaamua kuandika.

Usiku wa pili baada ya Isha nilimuacha mpwa wangu acheze ile ya supamaketi peke yake, mie nimekaa kwenye mkeka nakunywa chai. Nilidhani ntasikia kelele. Kimya. Baada ya dakika kumi akageuka, "mjomba, haina raha." Nikamwambia si ndo ile unayoitizama kila siku kwenye simu ya mama'ako mpaka bando linaisha? Akasema ndo hiyo hiyo. Akafikiri kidogo akaniambia, "nirikodi mjomba, nirikodi uso." Basi nikachukua simu nikamuelekezea. Wallahi mtoto akabadilika pale pale, akakaa wima, akaanza kuongea Kiingereza cha wale jamaa wa kwenye video, macho kayatoa, na zimwi likiwa bado mbali, hata kivuli chake hakijaonekana, akapiga ukelele akaanguka pamoja na kiti. Dada'angu akatoka jikoni mbio anauliza kuna nini. Yeye akainuka, hakutizama hata skrini kujua kama kakamatwa au kanusurika, akaja moja kwa moja kwangu, "mjomba imetokaje?"

Aliuliza video. Gemu bado inakwenda nyuma yake na hana habari nayo.

Na angalia, alipiga ukelele kabla ya zimwi kwa sababu keshaiona ile video mara zisizo na idadi, anajua linatokea wapi. Kwa hiyo gemu haikumtisha, ilimpa pahala pa kupigia ukelele tu, na asipokuwepo mtu wa kumtizama pale pahala hapana kazi. Hichi ndo kitu nilichokinunua kwa elfu 20. Gemu ambazo mtu aliekusudiwa sie yule aliyeshika pedi, kakusudiwa yutyuba mmoja huko duniani mwenye kamera na taa mbili usoni, sisi wengine tunauziwa baada ya yeye kumaliza kazi yake.

Haikuanza hivi lakini. Mie nimefuatilia gemu za kutisha tangu niko skuli na naona ni haki nieleze. Mwaka 2010 kampuni ndogo ya Sweden, Frictional Games, walitoa Amnesia: The Dark Descent, gemu nzuri hasa, unajificha huna silaha, na Msweden mwenzao PewDiePie akawa anajirikodi akiicheza na kupiga kelele, watu wakajaa kumtizama. Mwaka 2012 ikaja Slender, msitu, tochi, karatasi nane za kutafuta na jamaa mrefu asiye na uso, ya bure kabisa, kila mwenye kamera akajirikodi. Hawa hawakutengeneza kwa ajili ya kelele za mtu mwengine, walitaka kumtisha mchezaji wakafanikiwa, kelele zikaja zenyewe.

Waliofuata ndo waliigeuza. Yutyuba analipwa kwa matangazo na kwa muda watu wanaomtizama, kwa hiyo anahitaji kitu cha kumfanya ashtuke kila baada ya dakika chache, na anahitaji ile picha ya mbele ya video iwe na uso wake mdomo wazi na zimwi pembeni. Ukishalijua hilo kila kitu kwenye zile tisa kinaeleweka. Zimwi lina rangi kali, pinki, kijani, bluu, kwa sababu lazima lionekane kwenye kipicha kidogo cha simu. Mafumbo ni mepesi mpaka yanatia aibu kwa sababu anaecheza anaongea muda wote, akikwama dakika tano watazamaji wanaondoka. Ukutani kuna maandishi ya siri na kaseti za zamani za kusikiliza ambazo hazina maana yoyote ndani ya gemu, zimewekwa ili watu wengine watengeneze video za kuelezea siri ambayo haipo. Na gemu imekatwa sura sura, ya kwanza dakika 20, ili kila baada ya miezi kadhaa kuwe na video mpya. Halafu midoli. Poppy Playtime ilivyotoka Oktoba 2021 yule Huggy Wuggy wa bluu mwenye mikono mirefu alifika mpaka mitumba na maduka ya midoli hapa kwetu, mdogo wake mpwa wangu anae mmoja, ana miaka 5, hajawahi kuiona hiyo gemu hata siku moja.

Na mlango wa kuingilia ni mpana. Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta, zamani kulikuwa na utaratibu watu wanapigia kura gemu ndo iingizwe, Juni 2017 wakauondoa wakaweka ada ya dola 100 kwa kila gemu, kama laki mbili na nusu za kwetu, ukilipa na kutimiza masharti yao unaingia. Kwa kijana mwenye kipaji na hana jina hii ni neema na siipingi, wako wengi wametokea humo. Ila mwaka 2024 peke yake ziliingia gemu zaidi ya 18,000, na katika wingi huo anaetaka kuokota kabati lenye kutu, zimwi la pinki na korido moja akatupia ndoana kwa yutyuba mmoja mkubwa amnasie, nani atamzuia. Mmoja akinasa, mia wanaiga.

Niseme pia wako waliofanya kichekesho wakawa wakweli. Goat Simulator imo kwenye folda, ya Aprili 2014, Wasweden wengine Coffee Stain, wewe ni mbuzi unapiga watu pembe, unaruka juu ya paa, unabandika ulimi kwenye magari, na ilivyoharibika imeharibika vizuri, wenyewe kwenye ukurasa wao wa kuuzia wameandika kwamba pengine ni bora mchange pesa na rafiki zako mununue mbuzi wa kweli. Mpwa wangu kacheza saa mbili hakuomba simu hata mara moja, alikuwa anatafuta njia ya kupanda juu ya kreni. Gemu imetokana na mzaha lakini aliyeshika pedi ana kazi ya kufanya.

Sasa nifike kwenye ile moja ambayo kwangu ndo imeokoa pesa yangu. Five Nights at Freddy's ya kwanza, ya Agosti 2014. Kijana wa dukani kaitia mwisho kabisa kama nyongeza, "hii ya zamani". Mtu mmoja tu kaitengeneza, Scott Cawthon, Mmarekani, kabla ya hapo alikuwa na gemu ya watoto ya wanyama wanaokata mbao, watu wakamwambia wanyama wako wanatembea kama mashine za kutisha, maneno yale yalimuuma, halafu akayachukua akatengenezea gemu nzima ya midoli ya mashine inayotembea usiku. Hiyo nayo wanayutyuba waliicheza mpaka ikavuma dunia nzima, na hao wa manda tupu wengi wanamuiga yeye. Wameiga meno tu.

Maana gemu yenyewe hutembei. Umekaa kwenye kiti cha mlinzi wa usiku, kuanzia saa sita mpaka saa kumi na mbili alfajiri, usiku mmoja unachukua kama dakika 8 au 9 za kweli. Kushoto mlango, kulia mlango, mbele yako skrini ya kamera. Ukitizama kamera unakula umeme, ukiwasha taa ya mlangoni unakula umeme, ukifunga mlango unakula vile vile, na umeme una asilimia inashuka pale chini kushoto. Ukiisha kabla ya alfajiri taa zinazima, milango inafunguka, na kwenye giza la mlango wa kushoto unaiona sura inawaka na muziki unapiga taratibu, unasubiri. Hapo hakuna cha kubonyeza.

Mpwa wangu aliitizama ile asilimia ikishuka kutoka 60 kuja 50 na saa bado nane tu usiku, akageuka akaniambia, "mjomba, huyu mlinzi hana tukuza."

Mtoto wa Zanzibar huhitaji kumuelezea hii gemu. Nyumba zetu zina mita za tukuza, umeme wa kulipia kabla, anajua yuniti zikibaki tatu mama anazima friji, anajua kuhesabu mpaka asubuhi. Na sie wakubwa tuliokuwepo umeme ulivyokatika Unguja nzima Disemba 2009 tukakaa gizani miezi mitatu mpaka Machi 2010, tunakijua kile kimya cha nyumba pale feni linaposimama. Akaanza kubana matumizi. "Funga huu, usiwashe, usiwashe, tizama kwanza kamera." Dada'angu akaja akakaa, na yeye akawa anasema mlango wa kulia, wa kulia. Midoli mara nyingi huioni ikitembea, unahamisha kamera ukirudi unakuta mmoja hayupo pahala pake, na hapo ndo mwili unasisimka, hujui yuko wapi. Wazee wa Pemba wanaoikumbuka 1995 na habari za Popobawa, zimwi lililosemekana linavamia watu usiku majumbani, watu wamelala nje wamekusanyika moto unawaka mpaka asubuhi, hakuna aliyekuwa na picha yake. Hofu iko kwenye kusubiri kitu usichokiona, na hilo huwezi kulinunua dukani limeshatengenezwa.

Saa kumi na moja usiku wa gemu asilimia zikabaki 3. Hakuna aliyepumua. Mtoto kaondoa mkono kwenye mausi kaukunja kifuani ili asije akabonyeza kwa bahati mbaya. Ikapiga saa kumi na mbili, watoto wakashangilia ndani ya gemu na sie tukashangilia nje. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji chumba cha pili, na hakuna aliyeiulizia.

Tahadhari moja tu, yule mdogo wa miaka 5 alikuwa kachungulia nyuma ya pazia, usiku ule kalala na mama'ake. Wadogo msiwakalishe. Na kwa wenye kompyuta za zamani, hii inakwenda kwenye mashine dhaifu kabisa kwa sababu ni picha zilizokwisha tengenezwa zinabadilishwa tu, wakati zile tisa mbovu zilinichemshia kompyuta mpaka feni linalia kama jahazi la mashine.

Kuhusu bei nina neno na duka. Slender, ambayo nayo imo kwenye folda, mwenyewe aliitoa bure. Katika zile tisa nilizitafuta mtandaoni, tano sura ya kwanza ni ya bure, wanakupa kama chambo ununue ya pili, na sura za pili hazimo kwenye folda. Kwa hiyo karibu nusu ya nilicholipia hakina bei. Kulipia bando lake na saa yake mie sina tatizo, kazi ni kazi, ila amwambie mteja. Na kinyume chake, ile ya Freddy ina mwenyewe anaiuza kwa bei ndogo kwenye Steam na hata kwenye simu, kuichukua kwa flashi mtu hapati hata senti yake na mie nimeshaamua kuinunua kihalali, aliyekaa akafikiria ile asilimia ya umeme anastahiki. Wenye uwezo wa kulipa kwa kadi kule Steam kuna faida nyengine, ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili unaomba pesa yako na unarudishiwa, na hizi za dakika 20 saa mbili hazifikii abadan.

Kwa mtu anaekwenda na mtoto madukani, usikubali folda. Muulize kijana kila gemu ni ya saa ngapi, mwambie akufungulie dakika kumi pale pale, na umpe pedi mtoto wako acheze yeye usikubali kuoneshwa video ya mtu mwengine anacheza. Mtoto akiwa baada ya dakika kumi anatizama skrini nunua, akiwa anakutizama wewe usoni kuona kama unamtizama, rudisha.

Huduma nawapa nyota 4, folda nyota 1 na nusu, na hiyo nusu ni ya mbuzi. Jana nilipita tena dukani nikamueleza kijana yote haya kwa utaratibu, habari ya kabati hakuniamini mpaka nilipomfungulia gemu mbili pembeni kwa pembeni akaiona kutu mwenyewe, akacheka akasema hajawahi kuzicheza hata moja, anauza tu zinazoulizwa. Kaniahidi Jumamosi niende na flashi ile ile atanitilia Amnesia na nyengine mbili badala ya zile mbili zisizofunguka, bila ya kulipa. Akitimiza ntarudi kumuongezea nyota.